Zamu za Msiba

Kwenye fomu ya daktari, mahali palipouliza mgonjwa hulala masaa mangapi kwa siku, Kanana aliandika saba. Akaandika saba yake, kisha akaandika saba ya mumewe Mwenda, ambaye wakati huo alikuwa ameketi kando yake kwenye viti vya kungojea, kidevu kifuani, akikoroma taratibu mbele za watu. Kanana hakujiona mwongo. Alikuwa muuguzi wa mwaka wa kumi na moja, na muuguzi hulijua jibu linalotakiwa kabla swali halijaisha kuulizwa. Tena ukichukua masaa aliyolala yeye ukajumlisha na ya Mwenda, saba zinapatikana na chenji inabaki.

Walikuwa wametoka Irving, mji wa ughaibuni walikoishi, asubuhi hiyo mpaka kliniki ya Plano kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni mtoto. Walikuwa na ndoa ya miaka sita, na minne kati ya hiyo ilikuwa ya kungoja. Kanana angetimiza miaka thelathini na tisa mwezi wa Juni, na tarehe hiyo ndiyo aliyoiwaza kila alipofungua macho, kabla hata hajakumbuka kama ni asubuhi au jioni.

Na kweli ilikuwa vigumu kukumbuka. Kanana alifanya kazi usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, mara tatu kwa wiki katika hospitali moja na mara mbili katika nyingine. Mwenda aliamka saa kumi alfajiri kwenda kupakia mizigo kwenye ndege, na alipotoka huko aliingia kwenye gari la kupeleka vifurushi majumbani mpaka saa tano usiku, akipita nyumbani jioni kwa dakika chache tu. Watu waliooana nyumbani Kenya, pale Nkubu, mbele ya mashahidi mia nne, kwa keki ya ngazi tano, walikuwa wanaonana mlangoni jioni, mmoja anaingia na mwingine anatoka, wakikabidhiana funguo za gari kama walinzi wa benki. Kitanda walikilalia kwa zamu. Na siku ambayo wote wawili walikuwa nyumbani, yaani Jumapili baada ya kanisa, walikula, wakatazamana kwa mapenzi, wakalala fofofo na viatu miguuni. Halafu watu wanauliza mbona hakuna mtoto.

Hakuna aliyewalazimisha, usije ukadhani. Kwa Wakenya wote waliowajua, kutoka Irving mpaka Houston, mtu hasemi amechoka. Ukisema umechoka utaulizwa nani hajachoka, na mazungumzo yanaishia hapo. Watu husalimiana kwa idadi ya zamu walizofanya wiki hiyo, na aliyefanya chache hujieleza.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisoma fomu, akamgeukia Mwenda, akamuuliza jana alilala masaa mangapi. Mwenda hakuwa ameiona fomu. Alijibu kwa uaminifu wa mtu aliyeamshwa sasa hivi kwamba alilala masaa matatu na nusu, na kwamba siku nzuri hufika manne. Daktari akaitazama ile saba. Kanana akatazama viatu vyake.

Majibu ya vipimo yalikuja baada ya wiki mbili. Mayai ya Kanana hayakuwa yakipevuka kila mwezi. Miezi mingine mwili wake ulipita tu, kama basi lisilosimama kituoni. Mbegu za Mwenda zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo chache zilikuwa zinajikokota. Daktari aliwaeleza polepole. Uchovu huenda si sababu pekee, alisema, na hawezi kuapa kwamba ndio sababu yenyewe. Lakini mwili unaonyimwa usingizi mwaka baada ya mwaka huanza kubana matumizi, na hubana kwanza yale usiyoyahitaji ili kuifikia kesho asubuhi. Homoni zinazopevusha yai la mwanamke hufuata mzunguko wa usiku na mchana, na anayegeuza usiku kuwa mchana huzivuruga. Za mwanaume hutengenezwa zaidi akiwa amelala. Mbegu alizonazo mwanaume leo zilianza kutengenezwa kama miezi mitatu nyuma, kwa hiyo walale miezi mitatu, wote wawili, usiku, masaa saba ya kweli, halafu warudi. Wakirudi na hali ikiwa ileile, atajua kwamba usingizi sio tatizo, na wataanza dawa.

Kanana alitoka pale amekasirika. Alitaka aambiwe ana ugonjwa wenye jina refu. Miaka kumi na moja amewaambia wagonjwa wapumzike, na sasa yeye ndiye anayeambiwa akalale, kama mtoto wa chekechea.

Hata hivyo walikubaliana. Kanana aliacha hospitali ya pili, na katika ile ya kwanza akamwomba mkubwa wake amhamishie zamu za mchana. Mwenda aliacha mizigo na vifurushi kwa mpigo mmoja, akapata kazi ya ofisini katika kampuni ya usafirishaji, kazi ya saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mafunzo ya kazi hiyo yalikuwa Houston, kwa wiki kumi. Ingebidi akae kwa binamu yake Dedan kule Katy na kurudi Irving kila Ijumaa jioni. Siku ya kuondoka alimshika Kanana mabega akamwambia kwamba kila siku saa tatu na nusu usiku atapiga simu kuhakikisha kuna mtu kitandani. Kanana alicheka, akaahidi.

Wiki tatu za kwanza alilala kweli. Alikuwa amesahau kwamba usingizi una utamu wake. Aliamka kabla ya kengele, akasikia ndege zikipita juu ya paa, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Irving hakuzitukana. Hata mama mkwe alilegeza kamba. Zamani alikuwa akipiga simu kutoka Nkubu kila Jumapili kuuliza kama ule unga wa mizizi wa kushika mimba aliomtumia mkwewe umekwisha, na kama ameunywa kabla ya kula au baada. Sasa alisalimia, akauliza baridi imefika wapi, akakata. Kanana alidhani mzee amekata tamaa. Ilimuuma kidogo, ila alishukuru pia.

Kisha baba yake Jedidah akafariki.

Jedidah alikuwa muuguzi wa wodi moja na Kanana, wa zamu za usiku, na kanisani waliimba sauti moja kwenye kwaya. Wakenya katika wodi hiyo walikuwa wanawake saba, na baina yao walikuwa na desturi ambayo haijaandikwa popote. Mmoja akifiwa na kwenda nyumbani kuzika, waliobaki hufanya zamu zake zote mpaka arudi, ili asikute kazi yake imepewa mtu mwingine. Waliziita zamu za msiba. Hakuna aliyewahi kuzikataa. Baba yake Kanana alipofariki miaka mitatu iliyopita, aliyebeba zamu nyingi kuliko wote alikuwa huyuhuyu Jedidah, zamu tano, na mbili kati ya hizo alizifanya akiwa na homa. Kanana hakuhitaji kukumbushwa.

Mpangaji wa ratiba ya zamu hizo alikuwa Kezia, mmoja wa wale saba, au Sister Kezia kama walivyomwita, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, mwenye kazi katika hospitali mbili, na bado hakukosa kwenye matanga yoyote akiwa na sufuria ya pilau kwapani. Mumewe aliendesha malori ya masafa marefu, na kanisani alionekana mara moja kwa mwezi, akiwa amelala kiti cha nyuma. Kezia alimpigia Kanana Jumatano.

"Nimekuweka usiku mara sita," alisema. "Najua uko days sasa, but hizi ni za Jedidah."

Kanana alikuwa na maneno tayari mdomoni, kwamba daktari amemkataza. Lakini maneno hayo yangezaa swali, na swali lingezaa jibu, na kufikia Jumapili kanisa zima lingejua kwamba mke wa Mwenda ana tatizo la uzazi na dawa aliyoandikiwa ni kulala. Aliwaza watakavyomtazama. Alimwaza Jedidah akitafuta tiketi huku analia. Akaona aibu kwamba mwenzake amefiwa na yeye anawaza tumbo lake.

"Ni sawa, Sister," alisema. "Nita-cover."

Alijiambia sita si nyingi. Lakini ndugu za Jedidah waligombana kuhusu mahali pa kuzika, mwili ukakaa mochari wiki mbili zaidi, na sita zikawa tisa. Jedidah hajarudi, mwingine wa wale saba, Wawira, akafiwa na kaka yake kwa ajali huko Embu. Kezia akamwandikia Kanana tano nyingine bila hata kumpigia simu, maana mtu aliyekwisha rudi usiku, alisema baadaye, si ni kama hakutoka. Zikawa kumi na nne. Na zote alizifanya juu ya zamu zake za mchana. Alitoka asubuhi moja, akalala mchana kutwa na mapazia yamefungwa, kesho yake akaingia asubuhi, na mwili haukujua tena upande gani ni mchana.

Mwenda hakukosa hata siku moja. Ikifika saa tatu na nusu simu inalia mfukoni mwa Kanana, naye anaingia kwenye chumba cha kuwekea shuka, anafunga mlango, anaketi juu ya furushi na kuongea kwa sauti ya chini. Mwenda akisikia sauti hiyo anadhani ni ya mtu aliyekwisha kuanza kusinzia, na anafurahi.

"Sisikii ndege," alisema siku moja.

Kanana akamwambia upepo umegeuka, wanapitishia upande wa pili. Mwenda akaamini. Akamwambia alale, asimsumbue zaidi. Kanana akarudi wodini kumgeuza mgonjwa.

Siku za Ijumaa ndizo zilizomuumiza zaidi. Mwenda alikuja amenenepa mashavu, macho meupe, na ana hadithi za jinsi anavyolala kwenye godoro la Dedan mpaka watoto wa Dedan wanamruka asubuhi wakienda shule. Akimkuta Kanana amelegea, Kanana humwambia usingizi ukishauzoea hauishi hamu. Basi Jumamosi Mwenda alitembea nyumbani kwa vidole, akazima simu zote, akapika, akakaa sebuleni kama askari ili mtu asigonge mlango. Kanana alilala mle chumbani akijichukia. Alitaka kumwambia. Kila Jumamosi alitaka kumwambia, na kila Jumamosi alijipa wiki moja zaidi, kwamba labda mwezi huu yai litakuja tu lenyewe na maneno hayatahitajika.

Katikati ya mwezi wa Mei walirudi Plano. Daktari alianza na Mwenda. Mbegu zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu, na zilikuwa zinaogelea kama zinavyotakiwa. Mwenda alijaribu kutotabasamu akashindwa. Kisha daktari akafungua karatasi za Kanana, akazisoma mara mbili. Miezi miwili mfululizo hakuna yai lililopevuka. Hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Aliuliza kuhusu usingizi, na Mwenda akajibu kabla mkewe hajafungua mdomo.

"Huyu analala vizuri kuliko mimi," alisema, kwa kile Kiingereza chake cha mahojiano ya kazi. "Kila siku saa tatu na nusu yuko kitandani. Mimi mwenyewe humpigia simu."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaandika. Kama amelala miezi mitatu na mwili haujajibu, alisema, basi kwa upande wake tatizo si uchovu, na kwa umri wake si busara kungoja. Wataanza sindano za kuchochea mayai mwezi huu. Akaongeza, kwa upole, kwamba ingekuwa vizuri pia waanze kufikiria, kufikiria tu, kutumia yai la mwanamke mwingine.

Kanana alisikia vidole vya daktari vikigonga kompyuta. Alikuwa amewaona wagonjwa waliokaribia kufa kwenye meza ya upasuaji kwa sababu waliulizwa kama wamekula wakasema hapana, kumbe wamekula, na kila mara aliwakaripia baadaye, kwamba daktari hutibu kile ulichomwambia. Mwenda alikuwa amemshika mkono, anamfariji. Alikuwa anamfariji kwa ugonjwa ambao huenda hana.

"Sikulala," alisema. Alilisema kwa Kiswahili kwanza, ili Mwenda awe wa kwanza kusikia. Kisha akalisema kwa Kiingereza, akataja zamu kumi na nne, na majina ya waliofiwa, na chumba cha shuka.

Daktari aliacha kuandika. Hakumkemea. Alisema basi majibu haya hayamwambii lolote, kwa maana hajui anapima nini, ugonjwa au zamu. Wanaweza kuanza dawa hata hivyo, au wanaweza kurudia ile miezi mitatu kwa ukweli. Ila alitaka Kanana aelewe kwamba miezi mitatu kwa mwanamke anayeingia thelathini na tisa si kitu cha kutupa, na mitatu imekwisha kutupwa. Wampigie kabla ya Ijumaa. Mwenda aliuachia mkono wa mkewe ili achukue koti lake, na baada ya hapo hakuushika tena.

Ndani ya gari aliwasha injini lakini hakuondoka. Magari ya watu wa maofisi yalikuwa yanaingia na kutoka, kila mtu na kikombe chake cha kahawa.

"Ungeniambia," alisema hatimaye, "ningempigia Kezia mimi."

"Ungemwambia nini?"

"Ukweli."

"Halafu kanisa lote lijue?"

Mwenda alicheka kicheko kikavu. Ndipo akamwambia kitu ambacho alikuwa amekificha tangu mwezi wa pili. Siku ile ya majibu ya kwanza, kabla hajaenda Houston, alimpigia mama yake akamweleza kwamba kasoro ni yake, kwamba mbegu zake ni chache na dhaifu, na kwamba asimwulize Kanana tena habari za unga wala za mtoto. Mama yake alilia kwenye simu. Dedan alipojua alimcheka wiki nzima, akimwita mzee wa pensheni. Na kanisani kule Houston, katika ibada ya wanaume ya katikati ya wiki, alipoulizwa kwa nini amekataa kazi za wikendi alisimama akaeleza.

"Waliniita mbele wakaniombea, Kanana. Kwa jina. Wanaume hamsini." Alikuwa anatazama usukani. "Mimi nilimwambia mama yangu. Wewe umeshindwa kumwambia Kezia umechoka."

Kanana alilia. Hakulia kwa ajili ya mayai wala ya umri. Alilia kwa sababu alikuwa amelindwa miezi mitatu na mtu ambaye yeye alikuwa akimdanganya kila usiku, na ulinzi wenyewe alikuwa ameuona, ameudhani ni mama mkwe kukata tamaa. Aliomba msamaha. Mwenda alisema amesikia, na kwamba kwa leo hana zaidi ya hapo.

Simu ya Kanana ikalia wakiwa bado hapo. Alikuwa Kezia. Mama mzazi wa mmoja wa wale saba amefariki usiku, alisema, wanapanga safari, naye amemweka Kanana Alhamisi na Jumamosi. Kanana aliweka simu kwenye spika, si kwa ushujaa wowote, ila kwa kuwa hakutaka tena kuongea na simu kwa siri.

"Sister, nitoe kwenye ratiba."

"Kuna nini?"

"Nimechoka."

"Na nani hajachoka, Kanana?"

"Natafuta mtoto," Kanana alisema. "Daktari aliniambia nilale usiku, na sikulala. Nilifanya za Jedidah na za Wawira, na yai halikuja. Pole zangu zipeleke, chakula nitapika, lakini usiku siwezi. Ukitaka waambie wote sababu."

Upande wa pili Kanana alisikia mlango ukifungwa, kama wa mtu aliyetoka chumbani mlimokuwa na watu. Alijiandaa kwa karipio, na alijua lingekuwa refu, kwa kuwa Kezia hakuwa mtu wa kukaripia nusunusu.

"Huyo daktari," Kezia aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Kanana hakuwahi kuisikia kwake, "anaweza kutuona mimi na mzee? Niko arobaini na mbili."

Mwenda alizima injini. Miaka yote hiyo walikuwa wakisema kwamba Sister Kezia hana muda wa mambo ya watoto, na walilisema kama sifa, hata mbele yake. Kanana alijibu kwamba hajui, ila wako hapohapo nje ya kliniki, na angeingia kuuliza sasa hivi.

"Uliza," Kezia alisema. "Lakini usiwaambie ni mimi."